Ogopa Neno Rahisi

Kuna uwongo mmoja tuliuziwa shuleni na bado tunaulipia: ati neno la Kiingereza likiwa fupi, na umelijua tangu darasa la pili, hilo umemalizana nalo. Nguvu zote tukapeleka kwa yale marefu. Mtu akisimama kwa debate aseme "notwithstanding", ukumbi mzima unapiga makofi. Sijawahi ona mtu akipigiwa makofi kwa kusema "run".

Sasa cheki. Ile kamusi kubwa ya Kiingereza, ya Oxford, huwa inafanyiwa marekebisho neno kwa neno. Walipofika kwa "run", mhariri aliyepewa hiyo kazi alikaa nayo miezi tisa. Miezi tisa, manze. Kuna watu hiyo miezi wanaitumia kuleta mtoto duniani. Alipotoka huko alikuwa na maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake. Pua ina-run, mto una-run, injini ina-run, biashara una-run, mwanasiasa ana-run, rangi ya jinzi mpya ina-run ukiifua na shati nyeupe. "Notwithstanding" nayo ni "licha ya", basi. Ukishaiangalia kwa kamusi mara moja mmeachana vizuri, hamna deni.

Kwa hivyo neno gumu siliogopi. Neno gumu ni kama askari wa trafiki, linakusimamisha. Unaliona, unajua hulijui, unatoa simu unatafuta. Neno rahisi ndilo hatari, kwa sababu halikusimamishi. Unalipita ukidhani mnajuana, kumbe uliyemsalimia ni ndugu yake pacha.

Na venye hizi maana zimegawanywa si bahati nasibu. Maana ya kwanza, ile ya nyumbani na ya darasani, tunapewa bure sote. Maana ya pili na ya tatu zinaishi kwingine: benki, kortini, kwa ofisi za ardhi, kwa mikataba. "Interest" ya kwanza ni kupenda kitu, kama mpira. Ya pili ni riba. "Principal" wa kwanza ni yule mwalimu mkuu mlikuwa mnamtoroka kwa korido, wa pili ni pesa zenyewe ulizokopa kabla riba haijaanza kuzaana. "Security" ya kwanza amevaa sweta ya buluu kwa geti, ya pili ni kitu chako kitakachochukuliwa ukishindwa kulipa. Ukitazama vizuri, mtu anaweza kukaa Kenya akasoma hadi fomu four, akapata A ya Kiingereza, na asiwahi kukutana na hizo maana za pili mpaka siku amewekewa karatasi mbele yake na kalamu juu.

Shuleni kwetu, ripoti fomu za vichwa zilikuwa zinaandikwa "outstanding". Barua za karo nazo zilikuwa zinaandikwa neno lilo hilo. Kuna jamaa wa darasa letu alipata zote mbili term moja: outstanding kwa Hesabu, outstanding kwa karo. Alitumwa nyumbani. Kati ya hizo outstanding mbili, moja tu ndiyo ilikuwa na nguvu ya kufungua geti na kukutoa nje.

Watu wanapenda kusema Kiingereza kiko hivi kwa sababu hakina mpangilio. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kama unatafuta profesa umekosea mlango, lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba hiyo vurugu ina historia. Mwaka wa 1066 watu kutoka Normandy, huko Ufaransa, waliivamia Uingereza wakaichukua. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mambo ya korti na ya mabwana yakawa yanafanywa kwa Kifaransa, na wenye kulima na kuchunga wakabaki na Kiingereza chao. Lugha mbili zikalala nyumba moja, Kilatini cha kanisa kikiingia na kutoka. Maneno mengi sana ya sheria na ya pesa kwa Kiingereza yalipitia hapo. Ndiyo maana neno moja linaweza kuwa na sura ya kijijini na sura ya ofisini.

Zingine ni kugongana tu. "Bank" ya mto na "bank" ya pesa hazikuingia Kiingereza kwa njia moja. Ya pesa inatoka kwa Waitaliano, banca, ile meza au benchi ambayo wabadilishaji pesa walikuwa wanafanyia kazi. Kumaanisha benki na benchi ni mtu na binamu yake. Ukiwa umekaa kwa benchi unangoja nambari yako iitwe benki, jua uko kwa mkutano wa familia.

Lakini kabla tuogope sana, tujikumbushe sisi ni akina nani. Mtu akikuuliza "piga" maana yake nini, utasema nini? Kuchapa? Haya basi: piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga magoti, piga hodi, piga deki, piga kelele, piga mbizi, piga luku, piga stori, piga kura. Unapiga simu na simu haiumii. Unapiga magoti na ni wewe unashuka chini. Hakuna siku mwalimu aliandika "piga" ubaoni na maana thelathini chini yake ukakariri. Ulizipata moja moja, kila moja ikiwa imeshikana mkono na mwenzake: pasi, mswaki, hodi. Ulijua "piga deki" kwa sababu uliamshwa Jumamosi asubuhi ukapewa ndoo na kitambaa.

Na Kiswahili cha shule kilitupatia hata jina la hii kitu. Tungo tata. Wenye tulifanya KCSE tunakumbuka: sentensi moja, andika maana mbili. "Alimpigia mpira." Alimpigia mpira ili yeye aucheze, ama alimchapa kwa sababu ya mpira, ama alimchapa akitumia mpira. "Paa" je? Kuna paa la nyumba, paa wa porini, ndege kupaa, na kumpaa samaki magamba. Tulikuwa tunaona hilo swali ni la kupata alama za bure. Halafu tunavuka kwenda karatasi ya Kiingereza, tunasahau hiyo akili yote mlangoni, tunaanza kukariri: neno, alama ya sawasawa, maana. Neno, sawasawa, maana. Kama lugha ni hesabu ya darasa la tatu.

Hata Sheng tunaimudu hivyo hivyo. Ndizi ikiiva, nyama ikiiva na msee akiiva kwa mtihani, hakuna mtu huuliza kama huyo msee amewekwa kwa jiko.

Nimesema maana za pili zinaishi ofisini, lakini kuna zinazoishi ng'ambo pia, na hizo zinauma sana sisi wa kazi za mtandaoni. Nilipotoka chuo nilikuwa nashiriki bedsitter Roysambu na beshte yangu, na sote tulikuwa tunafanya kazi ya kunukuu sauti: unaskiza rekodi ya mkutano, unaandika, unalipwa kwa dakika ya rekodi. Siku moja akapewa kazi kubwa kidogo. Mbali na kuandika, alitakiwa afupishe maamuzi ya mkutano. Walikuwa Wamarekani wanazungumza kuhusu bajeti, na mwenyekiti akasema "let's table it".

Sasa, mtu amelelewa akitazama taarifa ya saa moja anajua vizuri kabisa hiyo maana yake nini. Bungeni kwetu, mbunge aki-table hoja ameileta mezani ijadiliwe. Ni urithi wa Waingereza, na ndivyo inavyotumika kwa bunge lao pia. Beshte yangu akaandika: hoja ya bajeti iliwasilishwa ijadiliwe. Kazi ikarudishwa, malipo hakuna, maelezo hakuna. Marekani, ku-table kitu ni kukiweka kando, labda milele. Neno moja, meza moja, upande huu unaweka chakula na upande ule unatoa sahani.

Nilikuja kugundua hata wakubwa walianguka hapo. Winston Churchill, kwenye historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia, anasimulia venye maofisa wa Uingereza walitaka ku-table waraka fulani kwa sababu ulikuwa wa haraka, na wenzao wa Marekani wakakataa katakata kwa sababu nao waliuona ni muhimu. Walibishana kwa muda mrefu, wakali, kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zinataka kitu kimoja. Hao ni majenerali, Kiingereza ni lugha ya mama zao. Beshte yangu alikuwa peke yake na earphone moja inayofanya kazi, na bado ni yeye alionekana hajui Kiingereza. Mimi naona alikijua. Alijua cha hapa.

Hapa nyumbani pia neno rahisi limewahi kufika mbali. Wengi wenu mlikuwa watoto 2013. Uchaguzi wa urais ulifanyika Machi mwaka huo, na Katiba yetu ya 2010 inasema mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote ambazo kwa Kiingereza ni "votes cast". Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07. Juu ya ule mstari wa nusu hapo ni kura kama 8,400, kati ya zaidi ya milioni 12. Na kulikuwa na kura zaidi ya 100,000 zilizokataliwa, zile za kuharibika. Swali likafika hadi Mahakama ya Juu, pamoja na mengine mazito zaidi kwenye hiyo kesi: kura iliyokataliwa, ni "cast" ama si "cast"?

Hebu fikiria hiyo. "Cast" tunaijua. Ni waigizaji wa filamu. Ni ile plasta ngumu ya mtu amevunjika mkono. Ni kurupisha wavu. Mtu ameamka saa kumi usiku akapanga foleni, akatia alama, akatumbukiza karatasi kwa sanduku. Huyo amepiga kura au hajapiga? Kwa mdomo wa kawaida, amepiga, kidole chake kina wino. Mahakama ikaamua kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi wakati wa kutafuta hiyo asilimia. Ukiziondoa, 50.07 inakuwa 50.51. Mshindi alikuwa yule yule kwa hesabu zote mbili, kwa hivyo mjadala ukapoa. Lakini fikiria mstari ungekuwa umeangukia katikati ya hizo hesabu. Rais wa nchi angeamuliwa na maana ya kitenzi cha herufi nne. Na ukisoma kwa Kiswahili ni "kura zilizopigwa", kumaanisha turudi tena kwa "piga". Hakuna pa kukimbilia.

Sasa ile yenye ilinifanya nianze kuandika hii.

Shosho wangu alichukua mkopo zamani, kabla mimi sijajua kusoma, akaweka title ya shamba kama dhamana. Si shamba kubwa. Alilipa na pesa za maziwa na majani chai, akamaliza. Hiyo kila mtu kwetu anajua, kwa sababu siku alimaliza alichinja kuku wawili. Title ilirudi, akaiweka kwa sanduku la bati chini ya kitanda.

Miaka mingi baadaye, Guka ameshafariki, wajomba wakaamua shamba ligawanywe kila mtu ajue lake. Mjomba mkubwa akaenda ofisi ya ardhi kufanya search, ile ya kawaida tu. Jibu likatoka kwamba shamba bado liko kwa deni. Bado lina "charge".

Familia yetu haikuwahi kukaa vizuri baada ya hiyo karatasi. Shosho anasema alilipa. Title iko kwa sanduku. Serikali inasema kuna mkopo. Kama Shosho alilipa, basi kuna mtu alichukua title usiku akakopa nayo akairudisha, na huyo mtu ni nani? Watu wakaanza kuhesabu nani alijenga mwaka gani na pesa za wapi. Hesabu ikaangukia tata yangu mmoja, kwa sababu ndiye alikuwa akiishi na Shosho miaka hiyo na ndiye alifungua duka. Hakuna aliyemwambia usoni. Ilikuwa ni vile simu zinaacha kupigwa. Krismasi mbili hakuja nyumbani.

Mimi nilikuwa natafuta kitu tofauti kabisa, nakala ya kitambulisho cha Guka. Shosho akanionyesha mfuko wa plastiki wenye karatasi zake za hospitali: eksirei, risiti, kadi za kliniki. Katikati ya hizo nikatoa karatasi imeandikwa juu, kwa herufi kubwa, DISCHARGE OF CHARGE. Chini yake nambari ya shamba. Chini ya hiyo, muhuri na sahihi. Na barua imebanwa nayo kwa pini iliyoshika kutu, inasema discharge hii ipelekwe ikasajiliwe.

Hiyo ndiyo karatasi inayoondoa deni kwa shamba. Mkopeshaji anakuandikia, lakini ni lazima ifike ofisi ya ardhi isajiliwe, la sivyo kwenye rekodi shamba linabaki limefungwa, hata kama ulilipa hadi shilingi ya mwisho. Waliotoa mkopo waliiandika. Mtu akaileta pamoja na title. Title ikaenda kwa sanduku, na discharge ikaenda kwa hospitali.

Na kwa nini isiende? Shosho alisoma kidogo, enzi za zamani, na Kiingereza chake ni cha kuokota. Lakini "discharge" ni neno analijua kuliko daktari. Mwaka huo huo Guka alikuwa amelazwa, akapona, kisha akakaa wadi wiki tatu zaidi kwa sababu bili haijaisha. Kila siku Shosho alipanda matatu kwenda kuuliza kitu kimoja: discharge iko tayari? Alipoleta mzee nyumbani alikuja na karatasi ya discharge. Baadaye ikaja karatasi nyingine ya discharge. Akaweka discharge na discharge. Mtu yeyote mwenye mpangilio angefanya hivyo.

Nilipomwelezea hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, kwani shamba pia lilikuwa limelazwa?

Nilicheka, nikaacha kucheka. Kwa sababu ni ukweli, manze. "Charge" ni neno la Kifaransa cha zamani, na ukilifuata nyuma zaidi unafika kwa mkokoteni: kupakia mzigo. Shika hiyo picha ya mzigo na uone maana zote zinavyojipanga zenyewe. Simu unai-charge, unaipakia moto. Duka linaku-charge, limekuwekea mzigo wa bei. Polisi wanaku-charge, wamekubebesha kosa mgongoni. Ukiwa in charge, mzigo wa kazi ni wako. Shamba likiwekewa charge, limebebeshwa deni. Na discharge ni kushusha. Kidonda kinatoa discharge, kinashusha uchafu. Hospitali ikimshusha mgonjwa kitandani, na mkopeshaji akishusha deni kwa shamba, ni kitendo kimoja. Shosho alikuwa ameelewa neno hadi mizizi. Kitu alichokosa ni mtu wa kumwambia kwa lugha anayoota nayo: Mama, hii ni ya shamba, ipeleke kwa ardhi. Sentensi moja. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Barua yake ilikuwa na Kiingereza peke yake.

Karatasi ilipelekwa. Ilichukua miezi na safari nyingi, kwa sababu ilikuwa ya zamani, lakini search ya mwisho ilitoka safi. Mjomba alimpigia Tata simu. Najua walizungumza kama dakika nne. Yaliyosemwa sijui, na Tata hajarudi kukaa kama zamani. Anakuja, anasalimia, anamwachia Shosho sukari, anaondoka kabla ya giza.

Tangu hapo nimebadilisha venye najifunza Kiingereza. Nina daftari, la karatasi kabisa, na siandiki neno na maana. Naandika sentensi nzima nilivyoiskia, nani aliisema, na akiwa wapi. Kwa mfano niko na kurasa mbili za "run" na bado niko mbali na 645, lakini kuna moja naipenda: Wamarekani wanasema mgombea ana-run, Waingereza wanasema ana-stand. Kiti ni kile kile, mmoja anakikimbilia na mwingine amesimama. Sisi Wakenya tukachukua "vie", ambayo wenyewe hata hawaitumii sana, tukaifanya yetu. Niko na ukurasa wa "sanction", ambayo ni kuruhusu na pia ni kuadhibu, na hiyo nimekataa kuielewa kwa roho yangu, naifuata tu na majirani wake. Sanctions dhidi ya nchi, ni adhabu. Imekuwa sanctioned na bodi, ni ruhusa. Neno silitazami usoni tena, natazama limekaa na nani, kama vile mathe alikuwa anafanya nikiwa na miaka kumi na tano.

Na nikipewa karatasi ya kutia sahihi, nazungushia kalamu maneno rahisi, yale ya darasa la pili. Magumu yatajisema yenyewe.

Mwaka huu kampuni moja ya mafuta ya ngozi ilinitumia mkataba wa video tatu. Kurasa nne. Nikazungushia "exclusive" mara mbili. Hoteli ikiwa exclusive ni ya mabwenyenye. Ukurasa wa pili, kazi yangu ilikuwa exclusive, kumaanisha nisiguse mafuta ya mtu mwingine. Ukurasa wa tatu, malipo yalikuwa exclusive of VAT, kumaanisha ile asilimia 16 haijahesabiwa hapo. Neno moja, mkataba mmoja, linanifungia mlango ukurasa huu na kuacha kodi nje ukurasa unaofuata. Nikazungushia "term" pia, kwa sababu term ninayoijua inaisha na kufunga shule. Nikawaandikia: hii exclusive ni ya muda gani? Walikaa siku mbili. Wakajibu: miezi sita baada ya video ya mwisho. Haikuwa imeandikwa popote. Nikasema nitakubali miwili, na iandikwe. Wakasema sawa, haraka sana, mpaka nikajuta sikusema mmoja.

Kwa ukurasa wa mwisho waliandika kwamba pande zote zita-execute mkataba kabla ya Ijumaa. Nilienda cyber Alhamisi, nikachapisha, nikatia sahihi, nikaskani, nikatuma. Mkataba ume-executiwa. Mimi niko hai, naskiza majirani wakigombana kuhusu tokeni za stima.